Uzi: Kufundisha wanafunzi kutunga mashairi ya bahari (aina) mbalimbali. Tuanze na nini, na wanakwama wapi?

#1 Ticha wa Katubuka (Kigoma)

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa walimu wa Kiswahili wa sekondari, hasa wa huku kwetu Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Kuchambua mashairi ya watu tunafundisha vizuri. Mwanafunzi anakuambia tarbia ina mishororo (mistari) minne kabla hujamaliza kuuliza. Mpe kalamu atunge ubeti mmoja, anaganda. Anajua majina ya viungo lakini hajawahi kupika.

Naweka utaratibu ninaouamini, nanyi mkosoe.

Tuanze na mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, na tukae hapo vipindi vitatu vya dakika 40 bila kugusa vina, zile silabi za mwisho wa vipande zinazofanana. Wengi wanaharakisha hapa. Mwanafunzi akijifunza vina na mizani kwa pamoja, macho yake yanakimbilia vina kwa sababu vinaonekana, na mizani anaikadiria tu. Ukihesabu mishororo yake utakuta mmoja una 14, mwingine 19, na yeye anashangaa kwa nini amekosa wakati "vina vyote vimekaa".

Kipindi cha kwanza, hesabu ya silabi. Kanuni fupi ambayo hata aliye nyuma kabisa anaikamata: hesabu irabu, kisha ongeza kila *m* au *n* inayosimama peke yake. "Mwalimu" ina irabu tatu, mizani tatu. "Dagaa" tatu. "Mtu" ina irabu moja lakini *m* inasimama peke yake, kwa hiyo mbili.

Shida inaanzia kwenye *mb* na *mv*. "Mvua" ni mizani mbili (mvu-a), ila "mvuvi" ni tatu (m-vu-vi). "Mbuzi" mbili, "mbunge" tatu. Kipimo ni wingi wa neno. Mvuvi wanakuwa wavuvi, *m* inaondoka, basi ni kiambishi na inahesabiwa. Mvua inabaki mvua, *m* imeshikamana na *v*, haihesabiwi. Kipimo hicho kinaamua hata "mbaya": katika "mtu mbaya" ni tatu, kwa kuwa tunasema watu wabaya. Katika "ndoto mbaya" ni mbili. Halafu kuna maneno mafupi ambayo herufi hiyo hubeba mkazo: mbwa, mbu, mvi, nchi, nta, nge, nne. Yote ni mizani mbilimbili. Yaandikwe pembeni ya ubao yakae wiki nzima.

Kipindi cha pili, daftari la hesabu lenye viboksi. Silabi moja kiboksi kimoja, viboksi nane kwa kila kipande. Mwanafunzi anaona kwa macho kwamba amezidisha kimoja. Hii inafanya kazi kuliko makofi, kwa sababu kwenye makofi wasiojua hufuata wanaojua.

Kipindi cha tatu waandike sentensi za kawaida zenye mizani nane. Za kawaida kabisa, zisizo na ushairi: "Mama ameenda soko", hapana, sarufi imepinda; "Mama yuko Kibirizi", ndiyo, nane. Sentensi kumi kila mmoja. Kigezo ni viwili tu: nane kamili, na Kiswahili kisichopindwa.

Baada ya hapo ndipo utenzi, shairi refu la kusimulia. Nitaendelea nikisikia maoni.

---

#2 Malenga wa Ujiji

Mwalimu, nakuunga mkono, na nina la kuongeza. Mizani ni ya sikio kabla haijawa ya jicho. Viboksi vizuri, lakini shairi letu linaimbwa. Baada ya viboksi, kila ubeti upitishwe kwenye mahadhi. Silabi ikizidi, mwimbaji anabanwa pumzi. Ikipungua, anavuta irabu kuziba pengo. Darasa zima linasikia, na mtunzi anajua pa kurekebisha bila kuambiwa.

Mwalimu asiyeimba asiogope. Darasani hakosi mwanafunzi wa kaswida au wa kwaya. Mpe ubeti ulio sahihi autafutie mahadhi, wengine wapitishe beti zao humohumo. Angalizo: mahadhi ya bongo fleva yanameza silabi na kurefusha nyingine kwa makusudi, hayafai kwa kupimia. Yafaa ya polepole, silabi moja pigo moja.

Tena wanafunzi wa Kigoma waambiwe hili, linawapa moyo: Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 ndicho kilichoweka sheria za utungaji kwa mpangilio wa kufundishika, alizaliwa hapa hapa Ujiji mwaka 1924. Mizani na vina tunavyovihesabu darasani vimepitia mikononi mwa mtu wa mtaa wao.

---

#3 Binti wa Ng'ambo (Tabora)

Shikamoo mzee Malenga. Na wewe kaka Ticha, habari za ziwani.

Kuhusu vina, niongeze mambo yanayotusumbua huku Unyamwezini. La kwanza ni *l* na *r*. Kinyamwezi hakina *r*, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufunga mshororo kwa "bora", unaofuata kwa "kulala", akiimba vyote ni kina kimoja kwake. Sikio lake halimdanganyi, ndivyo anavyotamka. Kwa hiyo hapa sikio peke yake halitoshi, mzee wangu. Vina vyote vyenye *la/ra, li/ri, lo/ro* vikaguliwe kwa kamusi kabla ubeti haujapitishwa. Inakula muda, ila inarekebisha na tahajia ya insha humohumo.

La pili ni vina vya bure. Kiswahili kinatupa vina kwa urahisi mno. Vitenzi vingi huishia *-a*, mahali pengi *-ni*. Mwanafunzi anaandika "shambani, nyumbani, kanisani, sokoni", ana vina vinne na hajafikiri hata mara moja. Si kosa la sheria, ni uvivu wa kusikiliza. Kwa hiyo kabla ya kutunga, darasa lijenge ghala la vina. Chagua silabi moja, tuseme *-ni*, gawa ubao pande mbili. Kushoto maneno yenye *-ni* ya mahali. Kulia yale ambayo *-ni* ni ya shina lenyewe: amani, jirani, mgeni, kuni, sabuni, idhini, shani, majani. Sharti: katika kila ubeti, angalau vina viwili vitoke kulia. Fanya hivyo kwa *-ka*, *-ma*, *-ri*, *-o*. Kila kundi lipewe silabi yake, dakika kumi na tano, maneno ishirini. Ghala hilo liandikwe nyuma ya daftari, litatumika mwaka mzima.

Nilisahau: neno lilelile lisirudiwe kama kina ndani ya ubeti mmoja kwa maana ileile. "Kaa" la moto na "kaa" wa baharini ni sawa, hiyo ni sanaa.

---

#4 Ticha wa Katubuka

Dada Binti, hilo ghala nalichukua kama lilivyo.

Naendelea na utenzi. Kwa nini utenzi kabla ya tarbia? Mshororo ni mfupi, mizani nane tu, ambazo wameshazizoea. Vina ni vya mwisho peke yake: mishororo mitatu ya kwanza inafanana, wa nne unabeba kina cha bahari kinachojirudia utenzi mzima. Na utenzi unasimulia, kwa hiyo mwanafunzi hakosi la kusema. Mpe tukio lenye mwanzo na mwisho. Mfano wa ubaoni:

*Gari moshi limefika*
*Abiria wanashuka*
*Mizigo wanajitwika*
*Tabora wameingia*

*Jua linapochomoza*
*Karanga wanaziuza*
*Bei hawajapunguza*
*Wateja wasogelea*

Waulize wanaona nini. Watasema ka-ka-ka-a, za-za-za-a. Wenyewe wanagundua kwamba *-a* ya mwisho haikubadilika. Usiwaambie mapema.

Kosa kubwa kwenye utenzi ni kubana sentensi nzima ndani ya kila mshororo hadi ubeti unakuwa orodha. Waonyeshe kwamba wazo linaweza kuanza mshororo wa kwanza na kutua wa tatu. Kosa la pili ni kuchagua kina cha bahari kigumu, mtu anafunga ubeti wa kwanza kwa "-zo", akifika wa tano amekwisha. Kwa anayeanza, kina cha bahari kiwe *-a*. Hapo ule urahisi wa Kiswahili tuutumie, kwa sababu anahitaji kina kile kwa beti kumi.

Kila mwanafunzi beti sita. Zikipungua hapo hajasikia mwendo wa utenzi, zikizidi anaanza kujaza maji.

Tarbia sasa. Mishororo minne, kila mmoja vipande viwili vya mizani nane nane, vina vya kati na vya mwisho. Anayeandika kuanzia juu kushuka chini anakwama mshororo wa tatu karibu kila mara. Njia inayosaidia ni kuanza na kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Tunga mshororo wa nne kwanza, ule unaobeba neno lenyewe. Ukishaupata, tayari unajua unakoelekea, na kama ubeti wa kwanza utafuata vina vyake, una kina cha kati na cha mwisho mkononi. Kisha panda juu.

Kibwagizo: *Tuvue kwa kupishana, samaki waje mezani.*

Ubeti ukajengwa juu yake:

*Ziwa letu ni hazina, tulitunze kwa imani*
*Dagaa tunawaona, wakichezea majini*
*Nyavu ndogo tumekana, zibaki huko dukani*
*Tuvue kwa kupishana, samaki waje mezani*

Mkato baada ya mizani ya nane uangukie mwisho wa neno. Wapo wanaohesabu hadi nane wakaweka mkato katikati ya neno, kipande cha kwanza kikabeba kichwa na cha pili mkia. Hilo lirudishwe lilivyo, lisisahihishwe na mwalimu. Atafute neno lingine mwenyewe.

---

#5 Reli ya Kati

Nasoma kwa makini, ila naomba kupingana kidogo. Kwa utaratibu huu mwanafunzi anafika mwezi wa pili hajaandika jambo lake lolote. Anajaza viboksi. Mimi ningeanza na masivina, mashairi huru, apate kwanza kuona na kusema, halafu arudi kwenye kanuni akiwa na kitu cha kutia ndani yake. Mashairi ya vina yasiyo na picha ni mengi kupita kiasi. "Elimu ni ufunguo, tusomeni kwa bidii." Mizani ipo, vina vipo, shairi liko wapi?

---

#6 Malenga wa Ujiji

Reli ya Kati, hoja yako ina uzito kuhusu picha, lakini mpangilio siukubali. Masivina ndiyo bahari ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi, kwa kuwa hana ukuta wa kuegemea. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani (kitabu cha mashairi) yake ya kwanza mwaka 1974 watu walibishana sana kuhusu vina. Aliyesoma vizuri aliona kwamba mistari ile ina nidhamu yake, na aliyeiandika alizijua kanuni alizoziacha. Mwanafunzi asiyejua anachokiacha ataandika habari ya gazeti, aikatekate mistari, aite shairi.

Nizungumzie pia uhuru wa mshairi, maana ndipo wanafunzi wanapojificha. Inkisari ni kufupisha: "siku hiyo" ikawa "sikuyo", "mwana wangu" ikawa "mwanangu". Mazda ni kurefusha: "enda" ikawa "enenda". Tabdila ni kugeuza sauti ili kina kikae bila kugusa mizani. Vyote halali. Lakini anayeanza atavigeuza kuwa mkasi, kila neno lisilotosha analikata. Sheria ya darasani: uhuru mmoja kwa ubeti, na pembeni aandike ni upi na kwa nini. Akishindwa kueleza, ni kosa.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizobanana, kama daftari, labda, sultani, yana matatizo yake. Wapo wanaoihesabu ile konsonanti ya kwanza kuwa mizani, wapo wasioihesabu. Kwa wanaoanza ni bora kuyaepuka kabisa kuliko kubishana kila siku. Wakishakomaa wachague njia moja na wasiichanganye ndani ya shairi moja.

---

#7 Binti wa Ng'ambo

Naona wote mna haki nusu nusu. Picha inaweza kufundishwa ndani ya kanuni. Kabla ya tarbia, toa zoezi la dakika kumi: "Andika vitu vitano ulivyoviona njiani leo, kila kimoja na kitendo chake." Hakuna elimu, hakuna amani, hakuna rushwa. Vitu tu. Gunia la mkaa linavuja vumbi. Nyuki wanarudi mzingani na mguu wa njano. Halafu vitu viwili kati ya hivyo lazima viingie kwenye ubeti. Hotuba inakatika yenyewe.

Sasa bahari nyingine. Wanafunzi wanatishwa na majina mengi ya Kiarabu, lakini wengi hawajaambiwa kwamba majina hayo yanajibu maswali tofauti. Kuna yanayohesabu mishororo kwenye ubeti: tathnia miwili, tathlitha mitatu, tarbia minne, takhmisa mitano. Kuna yanayohesabu vipande kwenye mshororo: mathnawi vipande viwili, ukawafi vitatu. Kuna yanayoangalia mwenendo wa vina: mtiririko, vina haviguswi toka mwanzo hadi mwisho, ukara, upande mmoja unabaki na mwingine unabadilika, ukaraguni, vinabadilika kila ubeti. Kwa hiyo shairi moja linaweza kuwa tarbia, mathnawi na ukaraguni kwa wakati mmoja, bila mgongano. Mwanafunzi akilielewa hili anaacha kukariri.

Na ukiwa na tarbia moja nzuri huna haja ya kuanza upya kila mara, unaigeuza. Chukua ile ya kaka Ticha ya ziwa. Kata kibwagizo kibaki "Tuvue kwa kupishana" peke yake: umepata msuko. Mshororo mfupi unaangukia sikioni kama mlango unaofungwa, kwa hiyo kile kipande kinachobaki kiwe ndicho chenye uzito. Mwanafunzi akikata akabaki na kipande kisichojitegemea, basi kibwagizo chake kilikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Pindu, au mkufu: maneno yanayofunga ubeti yafungue ubeti unaofuata. Ubeti wa ziwa umeishia "samaki waje mezani", basi wa pili uanze:

*Samaki waje mezani, watoto wapate nguvu*

Angalieni kinachotokea: *-ni* iliyokuwa ya mwisho imehamia kati, na kina kipya *-vu* kimeingia. Hapa wengi wanakosea, wanalazimisha vina vya zamani vibaki palepale na mshororo unagoma. Waachie vizunguke.

Kikwamba ni rahisi kuliko vyote, neno moja kuanza kila mshororo au kila ubeti, na kwa sababu hiyo kinachosha haraka. Ubeti mmoja unatosha.

Takhmisa ndiyo ninayoipenda darasani. Kwa asili yake, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe na kutanguliza mitatu ya kwake, ikawa mitano yenye vina vinavyokubaliana. Wape wanafunzi wawili wawili. Mmoja atoe mishororo miwili, mwingine aongeze mitatu juu yake, wabadilishane. Hakuna zoezi linalomfanya mtu asome shairi la mwenzake kwa makini zaidi ya hilo, maana huwezi kutanguliza maneno mbele ya wazo ambalo hujalielewa. Vipindi viwili, vya mfululizo ikiwezekana.

---

#8 Mwanachuo_Kgm

Walimu wangu, shikamooni. Niko mafunzo kwa vitendo. Darasa lina wanafunzi 90, ubao mmoja. Nikiwapa watunge ubeti mmoja mmoja nasahihisha beti 90, na zikirudi wiki ya pili wameshasahau walichoandika. Nifanyeje? Na alama nizigawe vipi?

---

#9 Ticha wa Katubuka

Marahaba, mwalimu. Usisahihishe beti 90. Gawa makundi 18 ya watano watano. Kila mmoja atunge wake, lakini kundi lichague mmoja na kuutengeneza kwa pamoja, huo ndio unaoletwa kwako. Ndani ya kundi kila mtu ana kazi: mmoja anahesabu mizani, mmoja anakagua vina, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anawinda maneno ya kujazia, mtunzi anasikiliza. Kazi zizunguke kila juma.

Maneno ya kujazia yaandikwe ukutani ili yajulikane kwa sura: hakika, nasema, jamani, kwa kweli, sana, tena. Si kwamba yamepigwa marufuku. Ila mwindaji akiyakuta aulize: likitolewa, maana inapungua? Ikiwa haipungui, liliingia kuziba kiboksi.

Alama, kwa shairi la alama 20, mimi nagawa hivi: mizani 4, vina 4, maana na muwala (mawazo kufuatana vizuri) 4, picha na lugha 4, mpangilio wa beti 2, kichwa 2. Kichwa kipewe alama zake, vinginevyo kila shairi litaitwa "Elimu". Mizani usiikate alama kwa kila silabi iliyopotea. Hesabu mishororo iliyokosewa: mmoja au miwili, toa 1, mitatu hadi minne, toa 2, zaidi ya hapo 3 au 4. Ukikata kwa silabi, mwenye picha nzuri na sikio zito atapata sifuri na hatatunga tena.

La muhimu zaidi: alama zitolewe kwa nakala ya pili. Ya kwanza irudi na alama za kalamu tu, bila namba. Akiona namba haangalii kingine.

---

#10 Reli ya Kati

Mzee Malenga, nimekubali masivina yaje baadaye. Basi yakija yafundishwe kwa ukali uleule, isiwe kipindi cha kupumzika. Kipimo changu: andika shairi lote kwenye mstari mmoja mrefu kama sentensi ya kawaida. Likisomeka bila kupoteza kitu, mikato yako haikuwa na kazi. Mfano wa ubaoni:

*Dagaa wamelala juani*
*macho wazi*
*wote wanatazama upande mmoja:*
*ziwa.*

"Ziwa" limeachwa peke yake, msomaji analifikia kwa kuchelewa. Ukiliunganisha na mstari wa juu, uchungu unapungua. Wanafunzi walijadili hilo kwa dakika tano, kisha wakate mistari kwa namna nyingine mbili na kuchagua. Urefu usizidi mistari minane mwanzoni, na wasitumie neno la hisia kama huzuni, furaha au upendo. Kitu kiibebe hisia.

Daraja zuri kati ya kanuni na masivina ni haiku ya Wajapani: mistari mitatu, silabi tano, saba, tano. Mizani wameshaijua, vina havihitajiki, na nafasi ni ndogo hadi hotuba haiingii. Maneno yetu ni marefu, silabi 17 zinakupa maneno saba au manane tu:

*Mvua ya kwanza*
*mwembe unakung'uta*
*vumbi la jana*

Mwenye haraka ataifunga haiku kwa funzo. Mstari wa tatu uwe kitu kinachoonekana.

Soneti mimi singeigusa kabla ya kidato cha tano. Mistari 14 na hoja inayogeuka inahitaji mtu aliyekwisha kuzoea kubeba wazo refu.

---

#11 Malenga wa Ujiji

Huo mfano wa dagaa ni mzuri. Nimeusoma mara tatu.

Ngonjera tusiisahau, ile ya Mathias Mnyampala, kwa kuwa inatumia darasa zima. Pande mbili zinabishana kwa beti na mwisho zinafikia muafaka. Kosa lake: wanafunzi huandika upande mmoja mjinga na mwingine mwerevu, ikawa mahubiri. Kila upande uandikwe na kundi linalouamini, na beti zipokezane: jibu lishike neno fulani kutoka ubeti uliotangulia. Mada za huku: nyavu au ndoana, kuni au gesi, tumbaku au mahindi.

---

#12 Mwanachuo_Kgm

Ahsanteni sana. Huu ni ubeti wa kundi mojawapo, wa mwanafunzi aliyehamia kutoka Sikonge. Naomba mniambie ningeurudisha vipi.

*Asali yetu ni tamu, inatoka misituni*
*Nyuki wanafanya zamu, kutwa wapo mauani*
*Moto ni adui wetu wa kudumu, unateketeza mizinga porini*
*Tuulinde kwa nidhamu, msitu wetu jamani*

---

#13 Ticha wa Katubuka

Mshororo wa pili ni wa mshairi. "Wanafanya zamu" ni kuona, si kusikia kwa watu. Mwambie hivyo kwanza.

Wa tatu una 12 na 12. Wazo ni sahihi, vipande vimefura. Mwulize: neno gani moja linabeba "adui wetu wa kudumu" na linaishia *-mu*? Akikwama mfungulie kamusi kwenye *hasimu*. "Moto kwetu ni hasimu", nane. Upande wa pili aseme moto unaacha nini, asiseme tu unateketeza. "Watuacha majivuni", nane.

Wa nne, mwindaji wa maneno amelala. "Jamani" limekuja kufunga kina.

---

#14 Binti wa Ng'ambo

Na badala ya "msitu wetu", ambao ni mpana mno kuuona, arudi kwenye kitu chake. Mtu wa Sikonge anajua mizinga inatundikwa wapi. "Tuilinde kwa nidhamu, mizinga ya matawini."

Ila tazama upande wa kulia sasa: misituni, mauani, majivuni, matawini. Vinne vyote vya mahali. Ubeti huu uache, umesimama. Mwambie wa pili atunge kwa vina vya shina, kibwagizo kibaki hicho, vya kati abadilishe.

---

#15 Mwanachuo_Kgm

Amerudisha leo, nakala ya tatu. Sikugusa neno:

*Mwenye shoka akipita, hukata bila idhini*
*Nyuki hurudi kusota, kama aliye mgeni*
*Asali hatutapata, wala nta wala kuni*
*Tuilinde kwa nidhamu, mizinga ya matawini*

Kundi lake linabishana kwamba kipande cha "wala nta wala kuni" kina mizani saba.

---

#16 Malenga wa Ujiji

Wa-la-n-ta-wa-la-ku-ni. Nane. *N* ya nta inasimama peke yake, na yeye ameisikia. Mpe alama zake.